Chai ya Tukuyu na Finjani ya Baba

Mtaa wa Kongo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mwezi 5 Rajabu 1353
(Jumapili, 14 Oktoba 1934)

Mpendwa mdogo wangu Fakhriya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, na marahaba naituma kwa mkono wangu mwenyewe. Abdulla alitaka aandike yeye nikamkatalia, maana mwandiko wa ndugu yako unaujua ulivyo, kama kuku aliyekanyaga wino.

U hali gani, mdogo wangu? Kifua kimekuachia? Mumeo Mbaruku hajambo, na dukani kwake kuna heri? Watoto wamezoea baridi au bado wanalala na masweta? Uliniandikia kwamba huko Tukuyu asubuhi mtu akisema neno hutoka moshi mdomoni. Nimewasimulia wanawake wa mtaa huu, wote wameniona mwongo, na mmoja kaniuliza kama mnapika kwa midomo.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Joto limeanza na mvua ya vuli inatutisha tu, mawingu yanakuja yanakwenda. Baba magoti yanamsumbua lakini msikitini hakosi, na kahawa yake ya alasiri pale barazani haijakosa hata siku moja. Shangazi Azza amepona jicho. Sasa anaona vizuri kupita kiasi, kila akija hapa ananionyesha vumbi.

Kipeto chako kilifika salama. Abdulla alikwenda kukichukua akarudi amekibeba kichwani kama mchukuzi wa stesheni, na uzito wake hauzidi kuku. Ulikishona kwa kitambaa cha marekani mpaka nilitoka jasho kukifumua. Nikakuta kopo, na ndani ya kopo majani ya chai, na neno lako kwamba yanalimwa huko huko milimani kwenu, jirani yako Josepha ndiye aliyekupatia, tuyajaribu. Basi. Hukujua, na ungejuaje, kwamba kopo lile lingefika siku ambazo humu ndani hatusemezani vizuri kwa sababu hiyo hiyo ya majani ya chai.

Nikurudishe nyuma kidogo, kwani tangu uondoke mengi yamepita na katika barua mtu haandiki yote. Nilipofiwa na mume wangu na kumaliza eda, nikarudi hapa kwa Baba kama unavyojua. Taraben unamkumbuka, yule aliyekuwa akikaa nyuma ya ukuta wetu kabla mumewe Ghanshyam hajahamishia duka lake la majani ya chai Uhindini. Huyo mama hakunisahau. Alikuja akanikuta nimekaa tu natazama boriti, akaniambia nivae buibui nifuatane naye, kwani boriti zile hazitaongezeka nikizitazama. Tukavuka Mnazi Mmoja, yeye mbele mimi nyuma, tukaingia dukani kwao kwa mlango wa uani.

Laiti ungekuwapo. Upande wa nyuma wa duka, kabla ya pazia, kuna makasha ya mbao yamepangwa mpaka dari, na ndani ya kila kasha kuna karatasi ya madini ya risasi inayong'aa. Taraben akifunua moja, chumba kizima kinabadilika harufu. Kuna majani ya Sailoni, membamba yaliyojisokota kama nyuzi. Kuna ya Assam, meusi, makali, ukiyanywa bila maziwa yanakukaba koo. Kuna ya Uchina yaliyokaushwa kwa moshi, yananuka kama shuka lililoning'inizwa juu ya jiko. Hayo siyapendi, lakini kila nikienda nayanusa, sijui kwa nini.

Taraben alinifundisha kuyajua. Unachukua kidogo kiganjani, unafunga ngumi, unapuliza ndani kwa pumzi ya moto, halafu unafungua haraka na kunusa. Jani zuri linaamka hapo hapo. Jani bovu, au lile ambalo watu wasioogopa Mungu wamelipika, wakalikausha juani na kuliuza mara ya pili, linakaa kimya. Kisha maji: yakichemka tu unayatoa, unamimina ndani ya buli lililokwisha kupashwa moto, unafunika na kitambaa, unangoja. Huko kungoja ndiko nilikokupenda zaidi. Tunakaa juu ya mkeka, hatuna la kusema, majani yanajifungua ndani ya buli, na mtu anasahau kwamba ana huzuni.

Vikombe vya wageni wa kwetu viko rafu yao na vyao viko rafu yao, na hakuna anayeona ajabu. Hata Taraben akija kwangu huja na kikombe chake. Tumezoeana hivyo, na chai ni ile ile moja.

Nawe unaijua chai tuliyolelewa nayo. Ni lile vumbi la sokoni linalofungwa kwenye pindo la gazeti, likachemshwa na sukari na iliki mpaka likawa jeusi, na katika nyumba hii hupewa mwenye homa. Nikawa kila wiki nakwenda Uhindini, narudi na kifuko kidogo, najipikia jikoni peke yangu. Baba akipita akisikia harufu huniuliza nani mgonjwa.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe. Chumba cha mbele, kile cha Baba alichokuwa akiuzia tende na samli, kimefungwa tangu magoti yalipoanza. Amejitokeza mtu mmoja, jina lake Kasmir, muuza mafuta ya taa, mtu mpole asiye na kosa lolote, anataka kukipanga. Baba aliona ni riziki imejileta yenyewe. Mimi nikakusanya moyo nikamwambia Baba chumba kile anipe mimi. Niuze majani ya chai, ya kuchagua, mtu anuse kwanza ndipo anunue, na pembeni pawe na mkeka na buli la kuonjesha. Abdulla akae mbele, maana hana kazi nyingine ila kuchana nywele, na mimi nyuma ya pazia nichague na kuchanganya. Ghanshyam alikwisha kubali kunipa makasha ya kuanzia.

Baba hakukasirika. Heri angekasirika. Alicheka kidogo akasema chai ni maji ya wagonjwa na makarani, na Kariakoo nani atakuja kunusa majani. Nikamwambia hoteli zilizo kando ya soko zinajaa wanywaji wa chai tangu alfajiri. Akajibu wale wanafuata sukari na maandazi, wangepewa maji ya moto yenye sukari wangekunywa vile vile. Na hapo, nisikufiche, ana haki kidogo.

Fakhriya, wewe ni mdogo wangu lakini hili nakuambia wewe tu. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote tangu nifiwe. Sili kwa shida wala sivai kwa shida, Baba na Abdulla hawajanipungukia neno. Lakini naamka asubuhi sina pa kwenda wala anayeningoja. Mafuta ya taa yakishaingia mle ndani yameingia, harufu yake haitoki mpaka kiyama, na majani ya chai hayawezi tena kukaa hata chumba cha pili. Kwa hiyo nilijua kwamba Kasmir akipewa ufunguo, yangu yamekwisha.

Taraben ndiye aliyetoa shauri la kumwalika Baba dukani kwao, aone na kuonja. Baba akakubali kwa heshima ya Ghanshyam, kwani wamejuana tangu siku za Wajerumani. Alhamisi baada ya kahawa yake ya alasiri akaenda na Abdulla, amevaa kanzu ya Idi na kilemba, nami nilikwisha kutangulia nyuma ya pazia. Walimkalisha kwenye kiti kizuri. Praful, mtoto wao mkubwa aliyekwisha kuoa, akashika buli mwenyewe, na ili kumfurahisha mzee wakatoa vikombe vidogo mfano wa finjani za kahawa. Nia njema kabisa, na hapo ndipo palipoharibika.

Unakumbuka Baba alivyotulea. Kilichokwisha kumiminwa kinanywewa, hakirudishwi, na aliyetosheka hasemi basi kama mtu anayefukuza nzi, bali huitikisa finjani taratibu, kulia na kushoto, na mwenye dele la kahawa akaelewa. Baba alikunywa ile ya kwanza, akatikisa. Praful akatabasamu akamimina nyingine. Baba akanywa, kwani atafanyaje, akatikisa. Praful akamwita babake aje aone. Kumbe wauza majani wakionja chai huizungusha kikombeni wapate kuitazama rangi, na Praful alidhani amepata mzee bingwa, anayekagua kila namna na kutaka nyingine. Kwao aliyetosheka hufunika kikombe kwa kiganja. Baba hakufunika. Wakamletea ya Sailoni, wakamletea ya Assam, wakamletea ile ya moshi. Kila akitikisa wanafurahi, na kila wakifurahi wanamimina.

Mimi nyuma ya pazia nilianza kwa kucheka, nimeuma ushungi. Kisha nikamwona shingo inavyomkakamaa, kicheko kikaisha. Taraben alikuwa uani anachemsha maji mengine. Kupaza sauti mbele ya wanaume wale sikuthubutu, na Abdulla, Mungu amsamehe, alikuwa anakula chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na pilipili, haoni kitu. Taraben aliporudi nikamweleza mbio mbio, lakini Baba alikwisha kusimama anatafuta viatu. Aliaga kwa maneno mazuri sana. Abdulla anasema pale Mnazi Mmoja watu walimsalimu naye akapita bila kusimama, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani mwake, na sababu yake unaweza kuikisia.

Ijumaa baada ya sala akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mauza, nimewaambia nimetosheka kwa adabu, nao wananimiminia. Watu wasiomsikia mgeni, utafanya nao biashara gani? Kesho Kasmir atakuja kuchukua ufunguo."

Nikajaribu kumweleza kwamba wale hawaijui desturi ya kutikisa, wao waliona anakagua rangi. Akaniona nawatetea. Akasema miaka yote hiyo wamekaa nyuma ya ukuta wetu, hawajaona? Na kweli hawajaona, kwa sababu Ghanshyam hajanywa kitu katika baraza yetu hata siku moja. Hali wala hanywi nje kwa dini yake, na Baba naye hakupata kuchukia kwa hilo. Lakini neno hili sikuliwaza wakati ule. Nilikwenda jikoni nikalia, na wali nikauunguza.

Jumamosi asubuhi, kabla Kasmir hajafika, nikaona kupitia dirishani Ghanshyam anakuja peke yake kwa miguu kutoka upande wa soko, jua limekwisha kuwa kali. Taraben alikuwa amemweleza. Akamwamkia Baba, akaketi barazani, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kikombe chake. Akakiweka mbele ya Baba akaomba kahawa.

Baba akashika dele mwenyewe akamimina. Ile kahawa yetu chungu unaijua, na mwenzetu amezoea maziwa na sukari. Uso wake ulikunjamana wote, lakini alimaliza. Baba akanyosha dele amwongeze, ndipo Ghanshyam akakitikisa kikombe, lakini alitikisa kwa nguvu mno mpaka tone la mashapo ya kahawa likamrukia kwenye shati jeupe.

Akasema, "Bwana Sheikhan, nimetosheka. Nimesema sawasawa?"

Fakhriya, Baba alicheka mpaka akakohoa. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha siku mama yupo. Akamwambia amesema sawasawa ila amesema kwa kupiga kelele. Kisha wakaanza kuhesabiana namna za chai alizonyweshwa Alhamisi, na Baba akakiri kwamba ya moshi ilikuwa adhabu. Kasmir akafika wakati huo huo, akakaribishwa, akaketi na kofia mkononi anangoja ufunguo wake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, sijafurahi bado, kwa sababu kucheka ni kucheka na ufunguo ni ufunguo.

Baba akaniita. Akasema nilete hayo majani yangu, kidogo, na nimimine mwenyewe.

Sikuchukua ya Sailoni wala ya Assam. Nilifungua kopo lako. Nikapasha buli, nikatia majani, nikamimina maji, nikafunika na kitambaa, nikasoma Alhamdu polepole nikairudia mpaka nikaona yatosha. Sikutia sukari wala iliki. Rangi yake ilitoka nyekundu ya shaba iliyosuguliwa. Nikajifunga ushungi vizuri nikatoka nayo barazani, nikammiminia kwenye finjani yake ya kila siku.

Akanywa. Wote tukawa tunautazama mkono wake, hata Kasmir ambaye hakujua tunatazama nini. Baba akainyosha finjani kwangu, na mkono umetulia. Nikamimina. Akanywa polepole, akainyosha tena, na mkono umetulia vile vile. Mimi ndiye niliyekosea, nikamwaga kidogo kwenye mkeka. Baada ya ile ya tatu ndipo akatikisa, kulia na kushoto, taratibu.

Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia imetoka kwa Fakhriya, inalimwa huko aliko. Unajua alivyoumia ulipopelekwa mbali, hajapata kulitaja jina la Tukuyu, kila siku husema "huko." Akaigeuza finjani mkononi akasema, "Kumbe alikokwenda mwanangu kuna kitu kizuri hivi. Mwandikie alete zaidi. Kopo moja halijazi chumba."

Hivyo ndivyo alivyonipa chumba, mdogo wangu, bila kusema nimekupa. Kasmir naye, Baba akamwelekeza kwa Shangazi Azza, mwenye banda tupu kule Mchikichini lililo na hewa, ambalo kwa mafuta ya taa linafaa kuliko hapa. Yule bwana hakununa, akaomba naye aonje, akanywa, akaenda zake. Ghanshyam yeye alinusa tu, akapuliza ngumini, akasema jani hili bado changa lakini lina mwendo mzuri. Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kwa hiyo sasa nakuomba kama muuza duka, si kama dada. Mwambie Josepha aulize kama wenyewe watatuuzia kasha, na kama makasha mawili yanawezekana nitafurahi mara mbili. Bei wataelewana Mbaruku na Abdulla. Ila lori litakaloyachukua mpaka Dodoma kwenye reli litazameni kwanza. Yasipangwe karibu na sabuni, wala vitunguu, wala samaki wakavu, wala mafuta ya taa, maana jani la chai hunywa harufu ya jirani yake. Na safari hii kasha lipigiliwe tu, usilishone, nakuomba.

Chumba nimekwisha kukisugua kwa majivu na ndimu kuitoa harufu ya samli. Abdulla anapaka chokaa, na nywele zake leo hazijachanwa. Taraben ameniletea mkeka mpya na vikombe vya kuonjeshea, amenunua vyote vya aina moja, amesema hapa kwangu hakuna rafu mbili ila kikombe chake mwenyewe atakuja nacho. Nimemwandalia msumari wa kukitundika.

Nisalimie sana Mbaruku, umwambie dada yako hajasahau kwamba anapenda halua, itakuja na mtu wa kwanza atakayepanda huko. Nisalimie Josepha, mwambie amefanya kubwa kuliko anavyodhani. Watoto wabusu wote, na yule mdogo nisiyepata kumwona mbusu mara ya pili. Shangazi Azza anakusalimu, Abdulla anakusalimu, Taraben na wa nyumbani kwake wanakusalimu. Baba anakupa dua, na safari hii ametaja Tukuyu kwa jina lake.

Mungu akupe afya ya kifua, akutie joto katika baridi hiyo, na atukutanishe tungali tunaweza kukaa mkeka mmoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye kila siku,

Mauza binti Sheikhan

Nilikwisha kuikunja barua nikaifungua tena. Kopo lako lililobaki na majani nililiweka rafu ya juu dukani, liwe la kwanza kuuzwa nitakapofungua. Asubuhi hii sikulikuta. Nimelitafuta nyumba nzima, nimeliona chumbani kwa Baba, chini ya mto. Nilipomuuliza nani mgonjwa, akaniambia hilo si la kuuzwa, limetoka kwa mwanawe.